Wosia na mirathi Tanzania Bara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu Tanzania Bara. Aliye Zanzibar au Kenya aanzie swali la 20.

## Misingi

1. Wosia ni nini, na una tofauti gani na mirathi?

Wosia ni tamko la mtu aliye hai kuhusu mali yake igawanywe vipi akishafariki, nani asimamie ugawaji, na mara nyingi nani alee watoto wadogo. Mirathi ni mali na madeni aliyoacha marehemu, pamoja na utaratibu wa kisheria wa kuyashughulikia.

Mtoa wosia akiwa hai, wosia wake haumfungi. Nyumba uliyomwandikia binti yako leo unaweza kuiuza kesho, naye hana la kudai. Ukitaka mtu aipate mali sasa hivi, hiyo ni zawadi (Waislamu huiita hiba). Zawadi ina makabidhiano na nyaraka zake, na haisubiri kifo.

2. Sina mali nyingi. Kweli nahitaji wosia?

Ugomvi wa mirathi hauanzi na utajiri. Kiwanja kimoja chenye vyumba vinne vya kupangisha kinatosha kuwafikisha watoto wa baba mmoja mahakamani, wakakaa huko miaka.

Wanaouhitaji zaidi ni hawa: mwenye watoto wa mama tofauti, anayeishi na mwenza bila cheti cha ndoa, anayelea mtoto asiye wa kumzaa, aliyejenga kwenye kiwanja cha ukoo, na mwenye mali iliyoandikwa jina la ndugu au rafiki. Katika hali hizi ukweli mnaujua ninyi wachache tu, na mwenye kuujua vizuri zaidi ndiye atakayekuwa amekufa.

3. Nisipoacha wosia, mali yangu itagawanywa kwa sheria gani?

Kuna sheria tatu, na mahakama huchagua kwa kuangalia maisha aliyoishi marehemu na nia aliyoionyesha, siyo jina lake tu wala mahali alipozikwa.

Kwa sheria ya Kiislamu mafungu yamekwisha kupangwa. Mke hupata thumni (1/8) kama marehemu ameacha watoto, robo kama hakuacha. Wake wakiwa zaidi ya mmoja hugawana fungu hilohilo. Mume hupata robo kama kuna watoto, nusu kama hakuna. Mtoto wa kiume hupata mara mbili ya wa kike.

Kwa Sheria ya Urithi ya India ya 1865, ambayo hutumika kwa wengi wasio Waislamu wasiofuata mila, mjane hupata theluthi moja, na theluthi mbili zinazobaki hugawanywa sawasawa kwa watoto bila kujali jinsi.

Kwa sheria ya mila ya jamii zinazofuata ukoo wa baba, iliyoandikwa katika Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963, warithi wamepangwa kwa madaraja. Mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba kubwa (ya mke wa kwanza) yuko daraja la kwanza, mabinti wako daraja la tatu, na mjane hatengewi fungu: anategemewa kutunzwa na watoto wake. Mwanamume anayeishi kimila na anayemjali mkewe asihitaji sababu nyingine ya kukaa chini na kuandika.

4. Naweza kuandika mwenyewe bila wakili?

Ndiyo. Hakuna sheria inayokulazimisha kuwa na wakili wala kutumia karatasi maalumu. Wosia wa karatasi mbili wenye mashahidi sahihi unaushinda wa kurasa kumi wenye mihuri uliosainiwa na mashahidi wasiofaa.

Mtafute mwanasheria kama una hisa katika kampuni, mali nje ya nchi, nyumba iliyowekwa dhamana benki, au wake zaidi ya mmoja wenye mali zilizochanganyika. RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, nao huandika na kuhifadhi wosia.

## Kuandika wosia wenyewe

5. Wosia uwe na mambo gani?

Uandike kwa kalamu ya wino au uuchapishe, usitumie penseli. Usikose haya:

- Majina yako yote kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, na majina mengine unayojulikana nayo. Hati ya kiwanja ikisema jina moja na cheti cha kifo kikasema lingine, msimamizi atahangaika na viapo vya majina.
- Tamko kwamba una akili timamu na unatoa wosia kwa hiari yako, na kwamba unafuta wosia wowote wa nyuma.
- Sheria unayotaka itumike: ya Kiislamu, ya mila au ya 1865. Sentensi hii moja hupunguza ubishi wa swali la 3, ingawa mahakama bado itaangalia kama inalingana na maisha yako.
- Mke au mume, na watoto wako wote kwa majina na tarehe za kuzaliwa, hata wale usiowapa kitu.
- Mali moja moja na anayeipata (swali la 6), madeni (swali la 7), na nani apate mali yoyote ambayo hukuitaja au utakayoipata baadaye.
- Msimamizi, na msimamizi wa akiba endapo wa kwanza atafariki au kukataa.
- Mlezi wa watoto walio chini ya miaka 18.
- Tarehe, saini yako, na majina, anwani na saini za mashahidi.

Tia saini kila ukurasa na uandike "ukurasa 1 kati ya 3" na kuendelea. Ukurasa wa katikati usio na saini ni rahisi kuubadilisha.

6. Mali ielezwe vipi?

Hapa ndipo wosia mwingi ulioandikwa nyumbani unapoharibika. Mtu huandika "nyumba ya Mbagala apewe mwanangu wa kwanza." Msiba ukiisha inagundulika kwamba Mbagala kuna nyumba na kiwanja kitupu pembeni yake. Mtoto wa kwanza wa mke mkubwa ni mmoja, wa mke mdogo ni mwingine, na wapangaji hawajui kodi wampe nani.

Andika hivi: "Nyumba yenye vyumba vitano iliyopo Kiwanja Na. ___, Kitalu ___, Mbagala, Dar es Salaam, yenye hati Na. ___, pamoja na mabanda mawili ya biashara yaliyo mbele yake, nampa binti yangu (majina matatu, tarehe ya kuzaliwa). Kiwanja kitupu kinachopakana nayo upande wa mashariki, nilichonunua mwaka ___ kwa mkataba ulioshuhudiwa na serikali ya mtaa, nampa mwanangu (majina matatu)."

Ardhi isiyopimwa ieleze kwa mtaa au kijiji, ukubwa kwa hatua au ekari, na majirani wa pande zote nne. Taja mkataba wa mauziano ulipo. Shamba la kijijini lenye hati ya hakimiliki ya kimila, andika namba yake. Gari lieleze kwa namba ya usajili. Mifugo usiiandike kwa idadi kamili, maana huzaa na hufa. Andika mafungu: "nusu ya ng'ombe watakaokuwepo."

Usimpe mtu "nyumba" moja na mwingine "kiwanja" ambacho nyumba hiyo imesimama. Ukitaka watoto watatu wamiliki nyumba moja, sema kila mmoja ana fungu gani, nani atakusanya kodi, na mmoja akitaka kutoka wenzake wamnunue kwa utaratibu gani. Bila hayo, nyumba ya pamoja huishia kuuzwa kwa amri ya mahakama, na mara nyingi kwa bei ya hasara.

7. Madeni yangu yanaingia wapi?

Madeni na gharama za mazishi hutangulia. Warithi hugawana kinachobaki. Weka orodha mbili, unaodaiwa nao na unaowadai, kila deni likiwa na kiasi, tarehe na ushahidi uliopo. Usiache SACCOS, kikoba na mkopo wa simu.

Kwa mkopo wa benki, andika kama una bima ya mkopo. Mikopo mingi ya wafanyakazi huwa nayo, na bima hiyo ndiyo inayolipa deni mkopaji akifariki. Familia isiyojua huendelea kulipa, au huuza kiwanja ili kumaliza deni ambalo halikuwa lao.

## Mashahidi

8. Nahitaji mashahidi wangapi?

Inategemea sheria inayokuhusu.

Kwa mila, mtoa wosia anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua anahitaji wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Mashahidi hao wawe wanajua kusoma na kuandika, na wote wawepo kwa wakati mmoja. Mke au wake waliopo nyumbani wakati huo nao hushuhudia, juu ya idadi hiyo.

Kwa sheria ya 1865, mashahidi wawili au zaidi wakuone ukitia saini, nao watie zao mbele yako. Kwa Muislamu, tafuta watu wazima wawili waadilifu.

Ukitaka wosia wako usitikiswe, weka wanne kwa mpangilio wa kimila hata kama unaamini sheria ya 1865 ndiyo yako. Hugharimu saini mbili za ziada, na mahakama ikiamua vinginevyo wosia bado unasimama. Chagua walio na umri mdogo kuliko wako na wanaopatikana.

9. Anayerithi anaweza kuwa shahidi?

Hapana, usimweke. Kwa mila warithi hawashuhudii, isipokuwa mke kama ilivyoelezwa katika swali la 8. Kwa sheria ya 1865 wosia wenyewe haufi, ila alichopewa shahidi huyo, au mke au mume wake, kinabatilika. Ndivyo mtoto aliyemuuguza mzazi miaka mingi anavyopoteza nyumba aliyoachiwa: alikuwepo chumbani siku hiyo, akaombwa asaini.

Msimamizi anaweza kuwa mrithi. Hilo halina tatizo.

10. Wosia wa mdomo unakubalika?

Kwa mila, ndiyo, mbele ya mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Kwa Waislamu pia hukubalika. Kwa sheria ya 1865, wosia wa mtu wa kawaida lazima uandikwe.

Tatizo la wosia wa mdomo ni kwamba unakaa kwenye vichwa vya watu. Shahidi akifariki au akihamia upande mmoja wa familia, kilichobaki ni "baba alisema". Pia, kwa mila na kwa sheria ya 1865, wosia ulioandikwa haufutwi kwa maneno ya mdomo, hata yakitamkwa kitandani hospitalini mbele ya ukoo mzima.

11. Mzee wangu ni mgonjwa, au hajui kusoma. Tufanyeje?

Ugonjwa haumzuii mtu kutoa wosia mradi anaelewa ana nini, ana nani, na anampa nani. Pata barua ya daktari ya tarehe hiyohiyo inayosema ana ufahamu, uibane pamoja na wosia. Asiyeweza kusaini aweke dole gumba la kulia. Asomewe wosia wote kwa lugha anayoielewa mbele ya mashahidi, na maneno ya kwamba alisomewa akaukubali yaandikwe chini yake.

Anayenufaika zaidi asiwe mwandishi, na asikae chumbani wakati wa kusaini. Wosia huvunjwa kwa hoja ya shinikizo mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

## Nani apewe nini

12. Naweza kumnyima mtoto urithi?

Kwa sheria ya Kiislamu, hapana: wosia haumwondoi mrithi. Unaweza kuusia hadi theluthi moja ya mali kwa asiye mrithi, na mrithi haongezewi kwa wosia mpaka warithi wenzake waridhie.

Kwa mila inawezekana kwa sababu maalumu: amezini na mke wako, amejaribu kukuua au kukudhuru vibaya wewe au mama yake, au amekuacha bila sababu ya haki wakati wa njaa au ugonjwa. Lazima utamke wazi kwamba unamnyima na kwa nini, naye apewe nafasi ya kujitetea. Kumruka jina tu hakutoshi.

Kwa sheria ya 1865 una uhuru mpana zaidi. Hata hivyo Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumnyima mtoto matumizi ya haki katika mali ya mzazi wake, kwa hiyo walio chini ya miaka 18 wasiachwe mikono mitupu.

13. Mtoto niliyezaa nje ya ndoa atapata?

Bila wosia, nafasi yake ni finyu kwa mila na kwa sheria ya Kiislamu upande wa baba. Kwa wosia unaweza kumpa. Muislamu humpa ndani ya theluthi, kwa kuwa hahesabiwi mrithi wa baba.

Mtaje kwa jina, na kama hajajulikana nyumbani, mtambulishe ungali hai. Familia inayomwona mtoto kwa mara ya kwanza kwenye matanga humwita tapeli kabla hajafungua mdomo. Cheti cha kuzaliwa chenye jina lako kiwe tayari.

14. Nyumba tumejenga mimi na mke wangu. Naweza kuiusia yote?

Unausia kilicho chako tu. Hati ikionyesha mnamiliki pamoja bila kutenganisha mafungu, mmoja akifariki haki yote humwendea aliyebaki, na wosia hauigusi. Ikionyesha kila mmoja ana fungu lake, unausia fungu lako.

Hati ikiwa na jina lako peke yako bado yupo mwenye mchango. Tangu Mahakama ya Rufani ilipoamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu mwaka 1983, kazi za nyumbani zimetambuliwa kuwa mchango katika mali ya ndoa. Shauri lile lilihusu talaka, lakini hoja yake wajane huitumia. Andika kwenye wosia sehemu unayoitambua kuwa ya mwenzako, kisha usia iliyobaki.

15. Mafao, akaunti ya benki na pesa za kwenye simu je?

Mafao ya urithi ya mfuko wa hifadhi ya jamii hulipwa kwa wategemezi wanaotajwa na sheria ya mfuko, siyo kwa wosia. Kilicho mkononi mwako ni kuhuisha taarifa za mwenza na watoto kwenye mfuko. Wapo waliofariki na fomu bado ina jina la mke waliyeachana naye.

Fedha za benki na za simu ni sehemu ya mirathi. Orodhesha benki na mitandao yote. Namba za siri usiziandike. Msimamizi atazipata fedha kwa barua ya mahakama. Kutoa pesa kwa namba ya siri ya marehemu, hata kwa nia ya kununua jeneza, huwapa wengine sababu ya kukuita mwizi.

16. Shamba la ukoo naweza kumwachia binti?

Ukilimiliki wewe, ndiyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi. Mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza, katika shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory lililotoka Kagera, iliamua mwanamke ana haki ya kuuza shamba la ukoo alilorithi kama mwanamume. Lakini kama shamba ni la babu ambaye mirathi yake haijafunguliwa, huna cha kuusia bado. Anzeni na mirathi ya babu.

## Kuhifadhi, kubadili na baada ya msiba

17. Niuweke wapi, na naweza kuubadili?

RITA, benki, kwa wakili, au kwa mtu asiyerithi. Nakala halisi iwe moja, na watu wawili angalau wajue ilipo. Yaliyomo si lazima wayajue, ingawa mzazi anayeweza kuwaeleza watoto uamuzi wake mwenyewe huwaachia ubishi mdogo sana.

Kubadili unaruhusiwa wakati wowote ukiwa na akili timamu. Usikwangue wala kuchomeka maneno. Andika mpya wenye tarehe mpya, mashahidi wapya na sentensi ya kufuta wa zamani, kisha uchane ule wa kwanza. Kwa sheria ya 1865, kufunga ndoa hufuta wosia ulioandikwa kabla yake. Waliooa au kuolewa baada ya kuandika waandike upya.

18. Msiba umetokea na wosia upo. Tufuate hatua gani?

Pateni cheti cha kifo. Fanyeni kikao cha familia na muandike muhtasari wenye majina na saini za wote waliohudhuria. Mahakama huuomba karibu kila mara, hata pale wosia umeshamtaja msimamizi. Kisha msimamizi apeleke maombi pamoja na wosia halisi.

Mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo mahali marehemu alipokuwa akiishi, bila kujali thamani ya mali. Inayofuata sheria ya 1865 siyo ya Mahakama ya Mwanzo. Huenda ngazi za juu. Kukosea hapa ni ghali: familia hugawana, huuza, na baada ya miaka yote hubatilishwa kwa sababu mahakama haikuwa na mamlaka.

Mahakama hutoa tangazo la maombi hayo, na kama hakuna pingamizi, Mahakama ya Mwanzo humpa msimamizi Fomu Namba 4, yaani barua ya uteuzi. Ndani ya miezi minne anawasilisha orodha ya mali na madeni kwa Fomu Namba 5, kisha hesabu ya ugawaji kwa Fomu Namba 6. Mahakama Kuu muda ni miezi sita kwa orodha na mwaka mmoja kwa hesabu.

19. Kaka ni msimamizi na sasa anasema nyumba ni yake. Ana haki?

Hana. Msimamizi wa mirathi hukusanya mali, hulipa madeni, hugawa na kufunga. Fomu Namba 4 haimpi umiliki. Hata jina lake likiingizwa kwenye hati, linaingia kama msimamizi, na kutoka hapo anapaswa kuhamishia kwa mrithi. Mnunuzi anayeuziwa na msimamizi aulize Fomu Namba 5 na ridhaa ya warithi kabla hajatoa fedha.

Mrithi anaweza kuiomba mahakama iliyomteua imwite atoe hesabu, na asipofanya hivyo imwondoe. Andika barua kwanza, utunze nakala. Usisubiri miaka: kadiri kodi inavyoliwa na viwanja vinavyouzwa, ndivyo kinachobaki cha kugawa kinavyopungua. Anayepinga wosia wenyewe naye aweke pingamizi wakati wa tangazo, kabla uteuzi haujafanyika, na alete ushahidi wa saini, tarehe au mashahidi.

## Hali za pekee

20. Mimi niko Zanzibar, au Kenya. Majibu haya yananihusu?

Kwa sehemu tu. Zanzibar ina mahakama zake za Kadhi, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana hushughulika na mirathi ya Waislamu. Kenya hufuata Sheria ya Urithi, Sura ya 160: wosia wa maandishi unahitaji mashahidi wawili, na wa mdomo hufa kama aliyeutoa ataishi zaidi ya miezi mitatu baada ya kuutamka, isipokuwa askari walio vitani. Mtegemezi aliyeachwa bila cha kutosha anaweza kuiomba mahakama imtengee fungu.

21. Msimamizi amefariki kabla ya kugawa. Watoto wake wanaendelea?

Hapana. Usimamizi haurithiwi. Familia irudi mahakama ileile na cheti cha kifo cha msimamizi na muhtasari mpya wa kikao, iombe mwingine ateuliwe kumalizia mali isiyogawanywa. Mali ya marehemu wa kwanza isichanganywe na ya msimamizi: watoto wa msimamizi wana mirathi ya baba yao, na hii siyo sehemu yake.